GARI KUUKUU LA DIZELI HUSEMA UGONJWA WAKE



Nendeni mnadani siku yo yote mkatazame jinsi mzee wa Kigogo anunuavyo ng'ombe. Hasemi neno la bei kwanza. Humzunguka mnyama, humfungua kinywa ahesabu meno, humtazama macho na pua, kisha huomba atembezwe, maana ng'ombe aliyesimama huficha kilema chake. Ngozi ing'aayo haimdanganyi. Lakini mzee huyo huyo, akitumwa na wenzake kununua gari lililotumika, ambalo bei yake ni ya ng'ombe wengi, hutazama rangi, huketi kitini, husikiliza redio, akatoa fedha.

Jambo hili si la mzaha. Nyumba kumi na mbili za jumuiya moja, si mbali na hapa kwetu Mlali, ziliweka akiba ya mavuno mawili. Waliuza mahindi katika soko la Kibaigwa, wengine wakaongeza mbuzi, wakanunua gari la Toyota HiAce la dizeli kwa mtu mmoja wa mjini. Shabaha yao ilikuwa njema: kupeleka mazao sokoni na wagonjwa hospitali. Walifika kulitazama jioni, wakakuta injini tayari yanguruma, wakafurahi kuona jinsi inavyonguruma vizuri. Walilipa usiku ule ule.

Mwezi wa tatu, katika njia ya kutoka Mlali kwenda Pandambili, mama mwenye uchungu wa kuzaa akiwa ndani, maji ya injini yalichemka. Dereva alifungua rejeta kwa kitambaa, akamimina maji baridi ya dumu. Kulisikika mlio mmoja, kisha injini ikanyamaza. Mtoto alizaliwa chini ya mbuyu, mikononi mwa bibi yake. Mungu asifiwe, mama na mtoto wote ni wazima. Lakini gari halijatembea tangu siku ile.

Mimi ndiye niliyeziandikia nyumba zile stakabadhi za michango yao. Mzee mmoja akaja ofisini akaniuliza, "Karani, wewe umesoma. Tulikosea wapi?" Sikuwa na jibu. Nikafanya safari kwa mafundi, wa Kibaigwa na wa Dodoma, nikauliza na kuandika. Haya nisemayo leo ndiyo majibu yao, nami nayatoa kwa lugha ya nyumbani, ili kila jamaa inayofikiri kununua gari la namna hii ipate kujua la kutazama.

SOMO LA KONGWA

Kosa hili si geni katika wilaya yetu. Wazee wa Kongwa walilisikia kwa baba zao. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilikubali mpango wa kulima karanga katika Tanganyika na nchi jirani, ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza Kongwa mapema mwaka 1947. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na matrekta mapya hayakupatikana po pote kwa wingi. Basi wakanunua mitambo iliyokwisha kutumiwa na majeshi, mingine kutoka Ufilipino, ambako ilikuwa imekaa katika mvua na jua. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta.

Mitambo ile ilipofika Kongwa ilikutana na visiki, vumbi, na udongo ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama sakafu. Mafundi walikuwa wachache, madereva wengi walikuwa wanafunzi, vipuri vilikuwa mbali. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama karakana. Hatusemi kwamba mitambo mibovu peke yake ndiyo iliyouvunja mpango ule. Mvua chache, udongo mgumu na haraka nyingi vilishiriki. Lakini ulipokomeshwa mwaka 1951, ulikuwa umekula zaidi ya pauni milioni 36. Serikali tajiri iliweza kufuta hasara ile katika vitabu vyake. Nyumba kumi na mbili za Mlali haziwezi.

INJINI YA DIZELI NI NINI?

Ili kuutambua ugonjwa, yafaa kwanza kujua afya. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mwaka 1897, aliona kwamba hewa ikibanwa sana hupata moto. Aliyewahi kutia baiskeli upepo anajua jinsi pampu inavyopata joto mkononi. Ndani ya silinda hewa hubanwa mpaka nafasi yake ipungue mara ishirini hivi, na joto lake hupita digrii 500. Hapo nozeli hurusha dizeli laini kama ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Basi injini ya dizeli yahitaji mambo matatu tu: hewa safi ya kutosha, mbano wenye nguvu, na dizeli safi inayorushwa kwa kipimo na kwa wakati wake. Karibu kila ugonjwa wa gari kuukuu watokana na kupungua kwa mojawapo ya hayo matatu. La nne ni maji ya kupoza, yasiyowasha cho chote, lakini yakikosekana huua yote.

NENDA ASUBUHI, INJINI IKIWA BARIDI

Hii ndiyo kanuni ya kwanza, na mafundi wote niliowauliza waliitaja kabla ya nyingine. Mwambie mwenye gari, "Tutakuja asubuhi, tafadhali usiliwashe." Ukifika, inua kiti cha mbele, kwa kuwa katika HiAce injini hukaa chini ya viti, ukaiguse kwa uangalifu. Kama ni ya moto, mwulize kwa adabu ni kwa nini. Injini iliyopashwa joto huficha maradhi mengi, kama mtu aliyemeza dawa ya maumivu kabla ya kwenda kwa mganga.

Ikiwa ni baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi au yenye rangi ya dawa yake. Ukiona mafuta yanaelea juu, au utelezi kama maziwa yaliyoganda, jua kwamba maji na oili vimekutana mahali visipopaswa. Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi isikutishe, ni kawaida ya dizeli. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Gasketi imekufa au silinda hedi imepasuka. Na oili iliyopita alama ya juu, tena inanuka dizeli, yaonyesha kwamba mafuta yanavuja kuingia ndani ya injini. Oili ya namna hiyo imekuwa nyepesi, hailindi vyuma tena.

HESABU YA KILOMITA HUWEZA KUDANGANYA

Wengi hutazama namba ya dashibodi wakaiamini kama cheti cha ubatizo. Fikirini hesabu hii: gari la abiria likienda kilomita 250 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufanya kilomita 75,000. Kwa miaka kumi ni 750,000. Sasa ukiambiwa kwamba gari lililobeba abiria miaka kumi lina kilomita 120,000 tu, nani amehesabu vibaya?

Tazama mashahidi wengine. Mpira wa kukanyagia klachi na breki umelika upande mmoja? Usukani umekuwa laini na kung'aa? Kiti cha dereva kimelala? Hivyo havirudishwi nyuma kwa bisibisi. Tena magari yatokayo Japani mara nyingi huwa na vibandiko vidogo pembeni mwa mlango au karibu na injini, vilivyoandikwa na mafundi wa kule walipobadilisha oili au mkanda. Maandishi hutayaelewa, lakini tarakimu za kilomita ni hizi hizi zetu. Mwaka waweza kuandikwa kwa hesabu yao. Katika zama ziitwazo Heisei, ongeza 1988: mwaka 20 ni 2008. Katika zama za Reiwa, zilizoanza mwaka 2019, ongeza 2018. Ikiwa kibandiko cha mwaka 2012 chasema kilomita 210,000 na dashibodi leo yasema 140,000, umekwisha kupata jibu.

LINAVYOWAKA

Sasa liwashwe. Geuza ufunguo nusu kwanza. Taa ndogo yenye alama kama waya uliojikunja itawaka kwa muda; maana yake plagi za joto zinapasha silinda. Ikizimika, piga stata. Gari zima huwaka upesi.

Likisumbua asubuhi ya baridi, kama zile za Juni na Julai huku kwetu, kisha likawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe ambao hutoweka baada ya dakika chache, huenda plagi za joto zimekufa. Hilo si ugonjwa mkubwa. Likihitaji stata ndefu baada ya kulala usiku, lakini mchana halisumbui, yawezekana hewa inaingia katika bomba la dizeli, na mafuta yamerudi tangini. Tafuta bomba lililopasuka au kiungo kilicholegea. Hilo nalo ni dogo.

Lakini gari linalowaka vizuri likiwa baridi, likakataa kuwaka likiwa moto, lafaa kuogopwa. Dizeli ikipata joto huwa nyepesi, na pampu iliyolika huivujisha ndani kwa ndani isifike kwenye nozeli kwa nguvu. Pampu ni ghali. Ndiyo sababu baada ya kuliendesha gari, lizime, ungoje kidogo, uliwashe tena.

MOSHI UNA LUGHA YAKE

Simama nyuma ya gari na umwombe mwenzako akanyage mafuta. Jifunze rangi tatu.

Moshi mweusi wasema: "Mafuta ni mengi, hewa ni chache." Chanzo mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi, au nozeli zinazomwaga badala ya kurusha ukungu, au, kwa gari lenye tabo, bomba la hewa lililopasuka. Anza na chujio, kwa kuwa ni rahisi kuliko vyote.

Moshi wa buluu wasema: "Ninakula oili." Ukionekana mara moja tu unapokanyaga baada ya kulingurumisha taratibu kwa muda, huenda ni mipira ya vali, au tabo. Ukiandamana na gari wakati wote likipanda mlima na mzigo, ringi za pistoni zimelika, na dawa yake ni kufungua injini nzima. Kuna jaribio lingine: injini ikinguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Lakini kifuniko kikirukaruka na mvuke ukitoka kwa nguvu kama birika linalochemka, mbano unapita kando ya pistoni kwenda chini. Hiyo ni injini mzee.

Moshi mweupe una maana mbili. Ukiwasha macho na kunuka dizeli, ni mafuta yasiyoungua, kwa sababu ya baridi, mbano mdogo, au wakati mbaya wa pampu. Ukiwa ni mvuke usiokoma hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua, maji yanaingia ndani ya silinda. Hapo funga mkoba wako urudi nyumbani.

MAJI YANAYOPOTEA BILA KUDONDOKA

Huu ndio ugonjwa uliowapata wenzetu. Gari lao lilikuwa likinywa maji tangu siku ya kwanza, kikombe leo, chupa kesho, na chini hapakuwa na tone. Dereva alijaza tu. Maji yasipodondoka nje, mara nyingi yanaingia ndani.

Jaribio lake ni jepesi. Injini ikiwa baridi na kifuniko cha rejeta kimefunguliwa, liwashe, utazame maji. Mapovu yakipanda bila kukoma, hewa ya silinda inapita kuingia kwenye maji. Tena, asubuhi kabla ya kuwasha, bana kwa vidole bomba kubwa la mpira la rejeta. Likiwa bado limejaa upepo na gumu baada ya kulala usiku kucha, hiyo ni dalili ile ile.

Si kila joto ni silinda hedi. Tazama pia rejeta iliyozibwa na matope na majani, mkanda wa feni uliolegea, feni isiyoshika, na themostati iliyokwama. Lakini likichemka njiani, sikilizeni sana enyi madereva: usilifungue wala usilimwagie maji baridi. Chuma kilichopata moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka, kama chungu kitokacho jikoni. Zima injini, washushe abiria kivulini, ngojeni mpaka mkono uweze kukaa juu ya rejeta. Nusu saa au zaidi ya kungoja ni nafuu kuliko mavuno mawili. Ikiwa mgonjwa hawezi kungoja, tafuteni chombo kingine cha kumwendeleza, gari libaki.

MKANDA USIOONEKANA

Injini nyingi za HiAce za dizeli, za zamani na za baadaye, zina mkanda wa mpira ndani ya kifuniko mbele ya injini. Kazi yake ni kufanya vali na pistoni zipishane kwa wakati. Katika injini za zamani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Katika baadhi za baadaye ni 150,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali, na injini hufa pale pale bila kuaga.

Toyota iliweka taa ya onyo kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT, iwakayo kilomita zikitimia. Lakini taa ile yaweza kuzimwa kwa kuhamisha skrubu ndogo tu, bila kubadilisha mkanda. Basi taa iliyozimika si ushahidi. Ikiwa muuzaji hawezi kukuonyesha kibandiko au stakabadhi ya mkanda, weka kando fedha za mkanda mpya, uubadilishe kabla ya safari ya kwanza.

LIKIKOSA NGUVU MLIMANI

Gari hutembea vizuri Kibaigwa, lakini likipanda kutoka Dumila kwenda Gairo lazama kama punda mwenye njaa. Wenye haraka husema, "Injini imekwisha." Fundi mwema huanza kwa vitu vya bei ndogo. Kwanza chujio la hewa. Katika vumbi letu la kuanzia Mei mpaka mvua za mwisho wa mwaka, chujio huziba mapema kuliko kitabu kisemavyo. Pili chujio la dizeli, na pale chini yake ambapo maji hukusanyika; legeza skrubu, maji yatoke mpaka ije dizeli tupu. Tatu mabomba ya hewa ya tabo. Ukimaliza hayo ndipo uzungumze juu ya nozeli na pampu.

Nanyi mnaonunua mafuta ya madumu kando ya njia, angalieni. Dizeli si moto tu, bali pia ni kilainisho cha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, pampu hukauka na kulika. Udanganyifu huo ulienea hata EWURA ikaanzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia mafuta alama ili mchanganyiko utambulike. Dumu halina alama wala stakabadhi. Na katika injini za karibuni, ambazo dizeli hurushwa kwa mbano mkubwa sana na kuongozwa na kompyuta, uchafu kidogo tu huharibu nozeli, na nozeli zake ni ghali mno. Magari hayo yana taa ya injini kwenye dashibodi. Ufunguo ukigeuzwa lazima iwake, injini ikiwaka lazima izimike. Ikiwa haiwaki kabisa, uliza nani aliyeing'oa.

LITEMBEE

Kama ng'ombe, gari nalo litembezwe. Tafuta pahali tambarare pasipo watu, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, uachie klachi polepole. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama, klachi imekwisha. Katika mwendo, sikiliza gia zinazotoka zenyewe, mlio wa kugonga chini ukiondoka, ambao mara nyingi ni viungo vya propela, na usukani unaovuta upande mmoja. Kanyaga breki: mguu usizame, gari lisiende kando. Injini mbovu hukuacha njiani, lakini breki mbovu hukuzika, wewe na jirani zako. Breki zisijadiliwe bei. Zisipokuwa nzima, gari lisiondoke.

Mwisho lala chini ulitazame tumboni. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani hupita katika barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hula chuma. Rangi ya juu yaweza kuwa mpya, na fremu ikawa kama biskuti. Gonga kwa nyundo ndogo. Tazama pia nyufa, alama za kuchomelea, na oili inayodondoka. Kisha soma kadi ya gari: namba ya chesisi iliyoandikwa na ile iliyogongwa kwenye chuma ziwe sawasawa, na jina liwe la huyo anayekuuzia.

Kama hakuna ajuaye katika jumuiya yenu, mlipeni fundi wa siku moja aende nanyi, ila asiwe fundi aliyeletwa na muuzaji. Ujira wake ni wa kuku wachache, na anachokilinda ni zizi zima.

DAFTARI LA GARI

Mnisamehe nikimaliza kwa neno la kikarani. Gari likiisha kununuliwa, nunueni na daftari la kurasa mia, likae garini pamoja na kalamu. Kila asubuhi dereva aandike mambo matano: tarehe, kilomita, dizeli iliyotiwa, oili iliyoongezwa, maji yaliyoongezwa. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 pamoja na chujio lake, nayo iandikwe.

Daftari hili ni daktari wa bei ndogo. Dereva hukumbuka ya jana; daftari hukumbuka ya mwezi uliopita. Likionyesha kwamba maji yalikuwa kikombe kwa juma, kisha kikombe kwa siku, kisha chupa, gari limekwisha kuwaambia kila kitu. Likionyesha kwamba lita ile ile ya dizeli ilienda kilomita kumi na sasa yaenda saba, tazameni chujio na nozeli kabla ya moshi kuwa mweusi. Wenzetu wangekuwa na kurasa chache tu za namna hiyo, wangaliona hatari majuma mengi kabla ya siku ile ya mbuyu, wakati gasketi ya bei ndogo ingalitosha.

Nilimrudia yule mzee nikamsomea haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe lilikuwa linatuambia." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Tangu siku ya kwanza."

Nyumba zile kumi na mbili zimeanza tena kuweka akiba, kidogo kidogo, ili watengeneze hedi. Safari hii wamemchagua mmoja wao, kijana aliyemaliza shule, awe mwenye daftari. Na wameapa kwamba hawatalipa fundi kabla ya kuona maji yasiyo na mapovu. Nanyi, wasomaji wapenzi, mkienda kununua gari, msiende usiku, msiende na haraka, wala msiende na macho ya kutazama rangi. Nendeni kama mnavyokwenda mnadani. Gari halina ulimi, lakini si bubu.